Bunduki Nyepesi kwa Shabaha ya Mbali: Mwongozo wa Kumwokoa Bwana Gramu

Kuna mnunuzi ambaye kila duka la bunduki kutoka Montana hadi Surrey linamfahamu. Mimi namwita Bwana Gramu. Anaingia na mizani ya jikoni mkobani, anapima skrubu mojamoja, anauliza kama kirungu cha bolti kinaweza kutobolewa matundu kipungue gramu nane, kisha anatoka na bunduki ya kilo mbili na robo iliyomlia mishahara ya miezi. Jumamosi anajilaza mbele ya shabaha iliyo yadi 1,000, anafyatua, bunduki inamrukia, jicho linaipoteza shabaha, wala hajui risasi imekwenda wapi. Anafyatua tena. Hadi jioni amejifunza jambo moja tu: kwamba bega lina mifupa.

Mwongozo huu ni wa kumwokoa Bwana Gramu, na wa kukuzuia wewe usilale kando yake kwenye mkeka wa pili. Naupenda mchezo huu wa kupiga mbali, na huniuma kuona mtu mwenye jicho zuri na moyo mtulivu akiuacha baada ya msimu mmoja kwa sababu tangazo lilimdanganya kuhusu kilo.

Hatua ya kwanza haifanyiki dukani. Hakikisha kibali chako cha silaha kipo na kinaruhusu aina unayoitaka, halafu kaa chini utaje mashindano unayokwenda kushiriki. Muuzaji hatakupenda kwa hilo, maana bunduki "ya mashindano" bila kutaja mashindano gani ndiyo bidhaa anayoiuza kwa faida kubwa kuliko zote. Ukienda Bisley, Uingereza, kugombea King's Prize, utalala kifudifudi na mkanda mkononi, bila miguu ya kuegemeza bunduki wala darubini, ukitumia vilengeo vya tundu na risasi ya milimita 7.62. Ukiingia daraja la F-TR, kanuni zinakupa kilo 8.25 pamoja na miguu, na risasi ni .308 Winchester au .223 Remington tu. F-Open inakwenda hadi kilo 10. Mtu anayeleta bunduki ya kilo tatu F-TR amejinyima kilo tano alizopewa bure, na wenzake watamsalimia kwa furaha kubwa kabla ya kumfunga.

Wepesi una maana ya kweli katika mashindano ya namna nyingine, yale ambayo mpigaji anatembea. Mfano ninaoutumia hapa ni NRL Hunter ya Marekani. Huko unapanda kilima na mzigo wako wote mgongoni, unafika kituoni, na hujui shabaha ziko wapi mpaka saa ianze kuhesabu. Una dakika nne za kuzitafuta kwa darubini ya mkono, kupima umbali, kuchagua mahali pa kulaza bunduki, na kupiga. Daraja la wepesi lina kikomo cha pauni 12, yaani kilo 5.4, na kila kilichofungwa kwenye bunduki kinahesabiwa. Daraja zito linafika pauni 16.

Wazo la kuweka kikomo cha uzito si jipya, na asili yake inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Tarehe 26 Septemba 1874, kwenye uwanja wa Creedmoor, Long Island, timu ya Ireland ilikutana na timu ya Marekani kupiga shabaha za yadi 800, 900 na 1,000. Waireland walikuwa wametwaa Elcho Shield, ngao ya mashindano ya kupiga mbali, mwaka uliotangulia na ndio waliotoa changamoto. Walibeba bunduki za Rigby za kujazwa mdomoni. Wamarekani walikuja na Remington na Sharps za kujazwa nyuma. Kikomo kilikuwa pauni 10, na kitriga hakikuruhusiwa kufyatuka chini ya uzito wa pauni 3. Kwa maneno mengine, hakuna aliyeruhusiwa kuleta mzinga na kuuita bunduki. Mwireland mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa, lakini ya shabaha isiyo yake, akapata sifuri. Mmarekani wa mwisho, Kanali John Bodine, alikuwa amekatwa mkono na chupa ya jinja biya iliyopasuka. Alipiga huku damu ikitoka, akapata alama nne. Marekani 934, Ireland 931. Katika simulizi zote za siku ile nilizowahi kukutana nazo, sijaona hata moja inayomsifu mtu kwa kuwa na bunduki nyepesi kuliko ya mwenzake. Kikomo kilikuwa mstari ambao wote waliusogelea kadiri walivyoweza, kisha ushindi ukaamuliwa na macho, upepo na umakini wa kutazama namba ya shabaha yako.

Bwana Gramu angelielewa hilo moja tu, ningeufunga mwongozo hapa. Kilo 5.4 zichukulie kama mshahara wa mwezi. Aliyeokoa nusu yake hapewi cheti na mwamuzi. Kazi yako ni kuzitumia zote, mahali panapokupa alama.

Tufanye hesabu. Darubini ya kulengea ya Leupold Mark 5HD ya 3.6-18x44 ina gramu 737. Ile ya 5-25x56 ina gramu 850. Nightforce ATACR ya 5-25x56 inapita kilo moja. Tuchukue ile ya gramu 850. Pete za kuifungia zile gramu 200, miguu miwili ya mbele ile 400. Imebaki takriban kilo 4 kwa ajili ya bunduki yenyewe na magazini yake. Sasa tazama rafu ya dukani kwa macho mapya. Tikka T3x Lite, ya kutoka Riihimäki, Finland, ina kilo 2.9 hivi. Ni bunduki njema ya milimani, lakini hapa inaacha kilo nzima bila kazi. Tikka T3x CTR, yenye mtutu mnene zaidi, ina kama kilo 3.4, na inakuachia nusu kilo ya kupanga. Bergara B-14 HMR iko karibu kilo 4.2, kwa hiyo ukiitaka lazima ushuke kwenye darubini nyepesi kuliko hizo zote tatu. Umeona? Swali la "ipi nyepesi zaidi" limeondoka lenyewe, limekuja swali lenye faida: ipi inanifikisha kwenye kikomo bila kuvuka?

Sababu ya kutaka kufika kwenye kikomo ni teke. Risasi ya 6.5 Creedmoor ya greni 140, ambazo ni gramu 9 na kidogo, inatoka kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde, ikifuatana na moshi wa gramu karibu 2.7 za baruti unaotoka kwa kasi kubwa zaidi. Nguvu ya mwendo huo lazima irudi nyuma, na inarudi kwako. Bunduki ya kilo 3 itakupiga kwa jouli 20 hivi. Ile ile ikiwa na kilo 5.4 itakupiga kwa jouli 11. Ukiongeza uzito mara mbili, teke linapungua nusu. Hapo fizikia haijadiliani na mtu, hata kama kitako chake ni cha nyuzi za kaboni na kimechorwa milima.

Lakini usidhani nalisema hili kwa huruma ya bega. Bega hupona. Teke linakunyang'anya kitu kikubwa zaidi: kuona pigo lako. Risasi hiyo inachukua kama sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000. Bunduki ikitulia ndani ya muda huo, darubini bado itakuwa inatazama shabaha, nawe utaona vumbi likiruka kushoto au bamba la chuma likitikisika. Hapo unajua upepo umekudanganya kiasi gani, na risasi ya pili unairekebisha. Bunduki ikiruka, umeona mawingu. Dakika nne zinakwenda, hakuna mtu wa kukuambia umekosa wapi, na risasi ya pili unaipiga kwa imani tupu. Bwana Gramu hupoteza alama zake hapa, si kwenye usahihi wa mtutu anaoulalamikia kila Jumapili.

Breki ya mdomo wa mtutu inasaidia sana. Iliyoundwa vizuri hupunguza teke hadi karibu nusu kwa uzito mdogo mno. Inunue. Ujue tu kwamba inarusha mlio na vumbi pembeni, na kwamba jirani yako ana masikio mawili anayoyahitaji. Vaa kinga ya masikio mara mbili, ya ndani na ya juu, umwonye na yeye.

Sasa mtutu, ambapo wauzaji wa wepesi wanafanya uharibifu mkubwa. Ugumu wa fimbo ya chuma dhidi ya kupinda hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Mtutu wa milimita 20 ni mgumu zaidi ya mara mbili ya ule wa milimita 16, ingawa uzito wake umeongezeka kwa kama nusu na ushei tu. Urefu nao unacheza upande wa pili: kadiri mtutu unavyokuwa mfupi ndivyo unavyokuwa mgumu, na kwa kasi kubwa. Kata inchi nne kwenye mtutu wa inchi 26 wenye unene wa milimita 20, umeokoa gramu 220 hivi na umebaki na mtutu usiotikisika kirahisi. Umepoteza nini? Kama mita 30 kwa sekunde za mwendo wa risasi. Kwa hiyo ukitaka kupunguza gramu, fupisha mtutu, usiukondeshe. Mtutu mwembamba unapata moto upesi, na ukishapata moto vipigo vinaanza kuhama huku na kule, kwa sababu chuma kilichobaki na mkazo ndani hakipanuki sawasawa pande zote. Mwindaji anayepiga risasi moja kwa mwaka hatagundua. Wewe utapiga nane kwa dakika nne, upumzike kidogo, kisha upige nyingine.

Mitutu iliyofungwa nyuzi za kaboni, kama ya Proof Research, ni njia ya kupata unene bila uzito wote wa chuma. Ni kazi nzuri ya kiufundi na bei yake ni ya kiufundi vilevile. Nasema wazi: kama kuinunua kutakupunguzia risasi za mazoezi, iache dukani.

Kuna mtego mwingine hapo kwenye ufupi, na huu huwanasa hata watu makini. NRL Hunter ina kipimo cha nguvu: uzito wa risasi kwa greni, ukizidishwa na kasi yake kwa futi kwa sekunde, lazima ufike 380,000. Kimewekwa ili watu wasije na risasi ndogo za milimita 6 zisizo na teke. Chukua greni 140 kwa futi 2,700: unapata 378,000, na umebaki nje ya mlango. Mtutu wa inchi 22 unaweza kukuletea hali hiyo hasa. Dawa yake ni risasi nzito kidogo. Greni 147 kwa futi 2,650 inatoa 389,550 na kuna nafasi ya kupumua siku ya baridi, baruti inapopungua kasi. Risasi hizo ndefu zinahitaji mtutu unaozizungusha mzunguko mmoja kila inchi 8, na bunduki nyingi za 6.5 Creedmoor huja hivyo kiwandani. Soma namba iliyochongwa kwenye mtutu badala ya kuamini mdomo wa muuzaji.

Je, 6.5 Creedmoor au .308? Hornady waliitoa 6.5 Creedmoor mwaka 2007, wakiipa jina la uwanja ule wa Bodine na chupa yake. Kwenye yadi 1,000, ukiwa umeilinganisha bunduki kwa yadi 100, risasi ya 6.5 inashuka kama mita 7.5; .308 ya greni 175 inashuka kama 10. Kushuka hakunitishi, maana umbali unapimika na darubini inazungushwa. Upepo ndio unaonifanya nichague 6.5. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma 6.5 chini ya mita mbili, na .308 karibu mita mbili na nusu, na hakuna kifaa kinachopima upepo wa njia nzima kati yako na shabaha. Anayekosea kilomita 3 tu kwa saa katika kukisia upepo ameshakosea sentimita 35 kwa 6.5. Ukiongeza kwamba .308 inapiga teke zaidi, kwenye bunduki nyepesi uamuzi ni mwepesi kuliko bunduki yenyewe. Kitu kimoja .308 inashinda: mtutu wake unadumu. Mtutu wa 6.5 Creedmoor wa mashindano watu huuhesabia risasi 2,000 hadi 3,000 kabla usahihi haujaanza kulegea, na wa .308 unaweza kwenda hadi 5,000. Weka hilo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Darubini ya kulengea: usiibe gramu hapa mpaka iharibike. Ile inayopungua gramu 300 kwa kupunguza vioo na kuta za bomba inaweza kukupa picha ya giza saa kumi na moja alfajiri, au namba zinazohama unapozungusha. Jaribu hivi kabla hujalipia: iombe dukani, izungushe juu mili 10 (miliradiani), irudishe, uone kama sifuri imerudi na kama mibofyo inasikika na kuhisiwa kidoleni. Ukishaifunga kwenye bunduki, rudia uwanjani kwa risasi na karatasi ndefu yenye mstari wa wima. Ukuzaji mkubwa haukusaidii kwenye dakika nne. Ukuzaji mdogo wa mara 4 au 5, wenye uwanja mpana wa kuona, ndio unaokupatia bamba lililojificha nyuma ya kichaka. Wapigaji wengi hupiga kwa mara 12 hadi 15 hata kama darubini inafika 25, ili waendelee kuona pigo.

Kitako kinastahili maneno mengi kuliko kinavyopewa. Shavu lako lazima likae mahali pamoja kila mara, na urefu wa kitako ufae mkono wako, si mkono wa aliyepigwa picha ya tangazo. Kitako chenye sehemu ya shavu inayopanda na kushuka kinaongeza gramu mia moja au mbili, na naziona ni gramu zilizotumika vizuri kupita zote. Chini mbele kiwe bapa, kitulie juu ya mfuko wa mchanga, jiwe au mkoba. Kitako kilichotobolewa matundu kama sega la nyuki hupendeza, hadi mchanga uingie.

Kitriga: safi, kisichoburuta, kati ya gramu 700 na kilo moja, basi. Rangi: yoyote. Bolti: nyuzi 70 za Tikka dhidi ya 90 za Remington 700 ni tofauti ndogo, kuzoea ya kwako ni tofauti kubwa. Magazini: nunua mbili.

Ukifika hapa na umebakiwa na gramu, usizirudishe. Zipeleke nyuma ya kitako au chini ya mkono wa mbele, kwa vipande vya chuma vinavyofungwa kwa skrubu, mpaka bunduki isimame sawa karibu na mbele ya magazini. Bunduki iliyoelemea mdomo inakuchosha ukipiga umesimama nyuma ya mti; iliyoelemea nyuma inaruka mdomo juu. Wenye daraja la wepesi wanaokaa juu ya jedwali la matokeo wanafanya hivi bila aibu: wananunua sehemu nyepesi ili wapate uhuru wa kuweka uzito wanapoutaka wao. Bwana Gramu akiwaona wakifunga kipande cha chuma kwenye bunduki ya kaboni hushika kichwa.

Kisha pima. Funga kila kitu utakachotumia uwanjani, pamoja na kifuniko cha lenzi, kiputo cha kusawazisha, mkanda kama unabaki juu, na magazini kwa namna kanuni za msimu huo zinavyosema. Acha gramu 50 au 60 chini ya kikomo, maana mizani ya mwamuzi na ya kwako huenda zisikubaliane, na hakuna mazungumzo ya kusikitisha kuliko ya mtu aliyesafiri saa sita akihamishiwa daraja zito kwa sababu ya gramu 20 za kifuniko.

Pesa iliyobaki ni ya risasi. Aliye na bunduki ya kawaida ya kiwandani na risasi 1,000 za mazoezi atamshinda mwenye bunduki ya ndoto na boksi mbili, na sitachoka kulisema. Risasi hizo zisiishie kwenye karatasi ya yadi 100. Zipige ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea mwamba, ukihema baada ya kupanda. Kabla ya kila risasi andika daftarini upepo unaoukisia, halafu piga, utazame pigo, uandike ulivyokuwa kweli. Fanya hivyo kwa yadi 400 mpaka makisio yako na ukweli vianze kukaribiana, ndipo usogee 600, kisha 800. Yadi 1,000 itakungoja. Na mashindano ya kwanza nenda mapema siku ya kupimwa bunduki, maana foleni ya mizani huwa ndefu, na Bwana Gramu atakuwa mbele yako akieleza kirungu chake cha bolti.